Re: Mchoro wa Degas wa wapiga pasi, nimekwama

Habari, dadangu wa Milimani. Umesema mwalimu wako wa sanaa amekukata alama kwa kuandika kwamba yule mwanamke kwenye mchoro wa Degas, mchoraji Mfaransa, anayepiga miayo na chupa mkononi ni mlevi, na sasa hujui uandike nini.

Kwanza iache chupa. Mtazame mpiga pasi mwenzake: ameinama, mikono yote miwili juu ya pasi, uzito wote wa mwili uko hapo. Mimi nimelelewa Nyalenda na mama aliyefulia watu nguo na kuzinyoosha kwa pasi ya makaa. Saa nane mchana chumba kilikuwa tanuri, na alipiga miayo vivyo hivyo, mdomo wazi bila haya, kikombe cha maji pembeni. Pasi za Paris za miaka ya 1880 zilipashwa kwenye jiko mlemle chumbani. Ni joto na uchovu. Hata kama ndani ya chupa ni divai, kiu ilitangulia.

Kisha linganisha na mwanamke dobi aliyechorwa na Daumier, Mfaransa mwingine, mwaka 1863 hivi. Anapanda ngazi kutoka mto Seine, mto wa Paris, furushi mkononi, mtoto amebeba kibao cha kupigia nguo. Daumier aliishi kisiwani Saint-Louis, katikati ya mto huo, akiwaona madobi kila siku. Uso wa dobi huyo karibu hauonekani, mgongo ndio unaosema. Nadhani hapo ndipo insha yako ianzie, kwa mgongo. Ukitaka mfano wa karibu, nenda Dunga, ufukweni Ziwa Victoria, asubuhi uangalie wanaofua wakiinuka na beseni.