Usibandike IWXXM ndani ya maandishi ya ujumbe

Kaka, umeuliza kama METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) ya Mombasa iliyo katika IWXXM unaweza kuibandika kwenye ujumbe wa AMHS, mfumo wa ujumbe wa usafiri wa anga, kama ile ya kawaida ya maandishi. Usifanye hivyo. IWXXM ni muundo wa taarifa za hali ya hewa ulioandikwa kwa XML, lugha ya kompyuta yenye lebo nyingi; maneno yake mengi kuliko hali ya hewa yenyewe, na ujumbe wa AFTN, mtandao wa zamani uliotangulia AMHS, kikomo chake ni herufi 1800. Ibane kwa gzip, kisha uiambatishe kama faili. Ila kwanza ulizia anwani ya kila mpokeaji: aliyebaki AFTN hapati kiambatisho, nawe utarudishiwa taarifa ya kutofika. Huyo mpelekee METAR ya maandishi vilevile. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linataka IWXXM itumike tangu Novemba 2020, lakini maandishi bado yanatumika. Majaribio anzeni na Nairobi, ng'ambo baadaye.