Spoti laini: raha au usingizi?

SWALI: Shikamoo fundi kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo. Mi nimeendesha pikipiki ya spoti ya zamani ya silinda nne cc 600 miaka sita, ile ambayo injini ikiwa chini ya mizunguko 8000 kwa dakika haina kitu halafu ghafla inaamka inataka kukuacha nyuma, kiti kama ubao, viganja vinakufa ganzi, lakini nilikuwa naipenda bana. Mwaka huu nimeiuza nikachukua mpya ya silinda mbili, klachi unavuta kwa kidole kimoja, haishtui, haizimi, kona inaingia kama inaijua njia. Mwezi wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Saa hizi wenzangu wananicheka eti nimenunua friji ya magurudumu mawili, na kibaya zaidi naanza kuona wana hoja, maana nashuka moyo unapiga kawaida tu. Je nimepotea? Pikipiki ikiwa rahisi hivi inaweza kusisimua kweli au raha lazima ije na mateso? Na wengine wananishauri nibadili ekzozi tu itachangamka.

JIBU: Marahaba, ingawa kwa miaka sita ya mashine ile mgongo wako huenda umenizidi umri.

Hujapotea. Ila kuna kitu kimoja naomba tukiangalie vizuri kabla hujarudi kwenye silinda nne kwa hasira. Chukua Yamaha R6 iliyotoka 1999, cc 599, nguvu ya farasi kama 120, lakini hizo farasi ziko huko juu kwenye mizunguko 13,000. Sasa weka pembeni R7 iliyotoka 2021, silinda mbili, cc 689, farasi 73 tu. Kwa karatasi hapo hakuna mashindano, R6 imeshaondoka. Lakini R7 nguvu yake kubwa ya kuvuta, kama nyutoni-mita (Nm) 67, unaipata kwenye mizunguko 6500, yaani pale pale unapokuwa ukitoka kwenye kona ya kawaida, wakati R6 hata zile za miaka ya mwisho ilikuwa lazima uzipeleke juu ya 10,000 ndo uone kitu, na zenyewe hazifiki Nm 67. Na R6 gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa! Gia ya kwanza! Sasa niambie kweli, katika hiyo miaka sita ni mara ngapi ulifungua mafuta mpaka mwisho ukashikilia kwa sekunde tano? Nakisia unaweza kuhesabu kwa vidole, na zingine ulikuwa unasali.

Ndo maana mi naamini zile mashine kali tulikuwa tunazibeba zaidi kuliko kuziendesha. Niliwahi kuwa na moja ya kabureta nne, asubuhi ya baridi inagoma, ikiwaka inakohoa, ukiingia kona vibaya inakunyoosha, nikifika salama naona nimefanya jambo la kishujaa. Kumbe nilikuwa nimeenda tu na kurudi. Siku nimeazimwa ya silinda mbili laini kama yako niliwafuata wenzangu kwenye barabara ya kona nyingi nikashangaa nawakaribia kila kona, sikuwa nakimbia zaidi yao, nilikuwa na nafasi kichwani ya kuangalia kona inayofuata badala ya kupigana na hii niliyopo. Ile nafasi ndo raha yenyewe kwangu. Unaanza kusikia tairi ya mbele inakwambia nini, unafunga breki ukiwa umeshaanza kulala kidogo na kuiachia taratibu, unajaribu mstari tofauti kona ile ile mara tatu. Mashine ngumu haikupi muda wa hayo mpaka uwe mzuri sana, na wengi wetu si wazuri kiasi hicho, tusidanganyane.

Lakini sitaki nijifanye hakuna kilichopotea, maana kipo. Mwili unapima mwendo kwa upepo, mtetemo na kelele, sasa ukiondoa mtetemo ukaweka kioo kizuri cha mbele na nguvu inayopanda sawasawa bila kuruka, unaangalia mita unakuta 140 wakati ulidhani 90. Hilo si suala la kuboreka tu, breki haijali umejisikiaje, kutoka 120 unahitaji kama mara nne ya umbali wa breki ukilinganisha na 60. Kwa hiyo ukiona huhisi chochote usitafute hisia kwa kuongeza spidi, hapo ndipo watu wa pikipiki laini wanapoumia.

Na hata watengenezaji wanalijua hili tatizo. Honda VFR, ile ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kama herufi V, iliyoanza 1986 na cc 750, ilisifiwa weee kwa kufanya kila kitu vizuri, na wakati huo huo kuna waliosema ni nzuri mpaka inachosha. Mwaka 2002 wakaweka mfumo wa VTEC kwenye ile ya 800, kila silinda inatumia vali mbili chini, ukifika karibu mizunguko 7000 zinafunguka zote nne na sauti inabadilika kabisa. Kuna walioipenda kufa, kuna waliolalamika kwamba ule mruko wa nguvu unakuja katikati ya kona bila kualikwa. Mi niko upande wa walalamikaji, lakini nakiri ile sauti inanisimamisha nywele. Silinda mbili za siku hizi nyingi zimepata njia ya busara zaidi, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya digrii 270, mapigo hayaji kwa kulingana, inadunda dunda kama injini ya V ya digrii 90, kwa hiyo unapata tabia ya injini bila kupata ugomvi wake. Sikiliza ya kwako vizuri ukiwa gia ya tatu unafungua kutoka chini, hutaniambia ni friji.

Sasa cha kufanya. Kwanza shokapu, na hapa usiwe na haraka. Pikipiki nyingi rahisi zinatoka kiwandani zimelegezwa ili kila mtu akae vizuri, kwa hiyo zinazama zikifunga breki na kila kitu kinakuwa butu. Mwambie mtu akusaidie, pima umbali kutoka ekseli ya nyuma mpaka alama moja kwenye mkia juu yake ikiwa imenyanyuliwa haina uzito, halafu pima tena wewe ukiwa umekaa na nguo zako zote za safari, tofauti ikiwa milimita 30 mpaka 35 uko pazuri, ikiwa 50 kaza springi. Utadhani umebadilishiwa pikipiki. Halafu tairi, zile za kukaa muda mrefu ni ngumu na hazisemi kitu, zikiisha weka za spoti za barabarani. Sproketi ya mbele ukitoa jino moja, mfano 16 kwenda 15, unapata mvuto zaidi kama asilimia 7 kwa bei ndogo, ila angalia mita ya spidi isije ikaanza kudanganya, inategemea inasoma wapi. Na zoea kukaa gia moja chini ya uliyozoea. Ukiweza nenda treki, uwanja wa mbio, siku moja, huko hata farasi 73 kama za R7 zinatosha kukutoa jasho mpaka mwisho wa siku, na kwa mara ya kwanza utazitumia zote.

Ekzozi acha. Itapiga kelele, itawaudhi majirani, na usipopanga upya mafuta kwenye kompyuta yake huenda injini ikawa inakula hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Wenzako watakusifu dakika mbili.

SWALI: Fundi, na hizi zinazobadili gia bila klachi? Si ndo mwisho wa uendeshaji kabisa?

JIBU: Hapana. Kwikshifta, kifaa hicho cha kubadili gia bila klachi, inakata moto wa plagi kwa muda mfupi sana ili gia iingie, kuchagua gia ni kazi yako bado, na ukichagua vibaya utajua. Hata ile E-Clutch ambayo Honda waliiweka kwenye CBR650R ya 2024, klachi inajifanyia yenyewe lakini wameiacha leva pale pale, siku ukijisikia unaikamata mwenyewe.