Kanipa talaka kwa meseji, eti nitoke na mahari tu?

Pole dada. Hiyo ya mumeo kwamba nyumba yenu ya Mbagala iko kwa jina lake kwa hiyo unatoka na mahari na matunzo ya eda basi, anakupiga kamba. Mahari ni haki yako, kama hajamaliza anadaiwa, ila haifuti mgao wako wa mali mlizochuma pamoja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 114, kinachoipa mahakama nguvu ya kugawa mali hizo, inawahusu hata mliofungishwa na shehe, na toka kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kupika na kulea ni mchango kwenye mali, japo Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu maana mume alishampa hela, yeye akazitapanya (wanaoitaja hiyo kesi hili hawasemagi).

Talaka ya meseji peke yake haijamaliza kitu mahakamani. Nenda baraza la usuluhishi wa ndoa la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati, unaenda nayo Mahakama ya Mwanzo, ndo unaomba na mgao humohumo. Ila kwanza wahi ofisi ya ardhi ukaweke zuio nyumba isiuzwe, kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo hakimruhusu auze nyumba mnayoishi bila ridhaa yako, na wa hivi huwa wanauza fasta. Na kama ulinunua saruji ya hiyo nyumba, risiti unazo? Ndo ushahidi wa mchango wako.