Ana miwani na anakaa dawati la mbele, mbona bado haoni ubao?

SWALI: Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tano shule ya kawaida. Hospitali walimpa miwani na mwalimu akamweka mbele, lakini bado ananakili kwenye daftari la jirani yake na alama zinashuka. Mwalimu mkuu ananishauri nimhamishie shule ya wasioona. Nifanyeje? (Mama, Singida)

JIBU: Mama, usimhamishe. Mtoto anayeweza kusoma daftari la jirani si kipofu, ana uoni hafifu. Ukimpeleka akajifunze nukta nundu atasoma kwa vidole ilhali macho yake bado yanafanya kazi.

Miwani ndiyo inayowachanganya walimu. Kwenye ualbino, sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho), inayotambua vitu vidogo, haikukua sawasawa tangu tumboni, na hilo miwani haiwezi kulirekebisha. Macho nayo huchezacheza. Watoto wengi hugundua wenyewe kwamba wakiinamisha kichwa upande fulani, macho yanatulia. Inaniuma kila nikimsikia mwalimu akisema "kaa vizuri, nyoosha shingo", maana papo hapo mtoto anapoteza maandishi. Aachwe ainame, na asogeze kitabu hata puani. Hakumharibii macho.

Kabla ya kwenda shuleni, mpime nyumbani. Toa fotokopi ya ukurasa wa kitabu chake, A4 ikuzwe iwe A3, umsikilize akisoma wa kawaida kisha uliokuzwa, huku ukiangalia saa. Bandika maandishi ukutani, uhesabu hatua anazorudi nyuma kabla hayajampotea. Andika yote. Ukiingia ofisini na kusema "naomba mnisaidie mtoto", utaambiwa dawati la mbele ameshapewa. Sema hivi: "Mwalimu, hatua mbili anasoma, hatua nne hasomi. Naomba aruhusiwe kusogea ubaoni, mwalimu atamke anachoandika, na majaribio yake yakuzwe." Dawati lipe mgongo dirisha, kwa sababu mwanga mkali unamuumiza. Kofia pana asivuliwe uwanjani.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake katika shule ya kawaida. Ukigonga mwamba, mwandikie afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambatanisha cheti cha daktari wa macho, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ili ayapate hayo, ni lazima taarifa zake za usajili zioneshe hali yake. Asipoandikwa hivyo ataletewa karatasi kama ya wenzake, na siku ya mtihani hakuna wa kumlilia. Usajili ukianza, nenda shuleni ukaione taarifa hiyo wewe mwenyewe.