Muulize Dokta: Unapenda mifupa au unapenda Marekani?

Shikamoo dokta. Nimemaliza MD (digrii ya udaktari) hapa Dar na intanshipu nimemaliza mwaka jana. Mitihani ya leseni ya Marekani nimefanya, Step 1 nimepita, Step 2 nimepata 251. Ndoto yangu tangu mwaka wa tatu ni upasuaji wa mifupa, nataka nikasomee Marekani. Nilisoma mahali kwamba asilimia 93 wanapata nafasi ya kusomea ubingwa huko nikafurahi. Sasa jamaa mmoja yuko huko ananiambia kwenye ile orodha ya mwisho, ambayo mwombaji anapanga programu anazozitaka kuanzia namba 1, nisiweke mifupa juu, eti nikiikosa na magonjwa ya ndani nitakuwa nimeyapoteza. Nifanyeje? – Mpenda Misumari, Temeke

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa 251, hiyo sio skoo ya kuionea aibu.

Tuanze na hiyo 93 kwa sababu ndo inayowapoteza wengi. Ni kweli, mwaka 2024 wanafunzi wa MD wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya Marekani walipata kwa asilimia 93.5, ila wewe humo haumo. Sisi tuliosoma nje na hatuna uraia wao tuna mstari wetu, mwaka huo huo ulikuwa 58.5, mwaka 2025 ukawa 58.0. Na hapo ni kupata nafasi yoyote, fani zote zimechanganywa kwenye sufuria moja. Sasa ukitoa magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya familia na patholojia ambako ndo wenzetu wengi wanaingilia, ukabaki na mifupa peke yake, wa kutoka nje wanaoingia ni wachache mno, na wengi wao utakuta walishakaa miaka kwenye maabara ya utafiti ya idara ileile, maprofesa wanawajua kwa majina. Hao hawakutoka Temeke na bahasha ya khaki.

Jamaa yako kuhusu orodha amekosea kabisa na nakuomba usimsikilize. NRMP, hao ndo wanaoendesha upangaji (wenyewe wanauita Match na matokeo yanatoka mwezi wa tatu, kwa hiyo mimi naiita Machi tu), kompyuta yao inaanzia kwako sio kwa hospitali. Tuseme umeandika mifupa namba 1, magonjwa ya ndani namba 2. Inakupeleka kwanza kwenye mifupa. Wana viti sita na wewe kwenye orodha yao ni wa kumi na nne, basi unakaa kiti cha muda kama kipo, akija wanayempenda zaidi unanyanyuliwa unaenda namba 2, na huko wanakuangalia kama vile ndo umeanzia kwao, yaani hata kama kiti kilishakaliwa na mtu waliyemweka chini yako, anapisha yeye unakaa wewe. Hupotezi kitu. Na hawaioni orodha yako. Imepangwa hivyo tangu 1998, na Alvin Roth aliyeitengeneza upya alipata Nobel ya uchumi 2012, sasa wewe na jamaa yako mnataka kuizidi akili kwa kutumia WhatsApp?

Tatizo liko kabla ya orodha. Huwezi kuorodhesha programu isiyokuita intavyuu (ok unaweza, ila haisaidii kitu), na intavyuu zinaamuliwa kuanzia Septemba aplikesheni zikishaenda. Mimi mwaka wangu niliomba upasuaji tu, kichwa ngumu, nikapata intavyuu tatu nikaona zimetosha. Jumatatu ya wiki ya Machi barua pepe ikaingia nikiwa kwenye foleni ya kufua nguo, sarafu mkononi, inasema samahani hujapata nafasi yoyote. Nilizitia zile sarafu kwenye mashine ambayo tayari ilikuwa inafanya kazi, ya mtu mwingine. Halafu ndo unaingia kwenye SOAP, ule mgao wa nafasi zilizobaki, unaruhusiwa kuomba programu 45, Alhamisi ofa zinaanza kuja na kila moja ina saa mbili tu za kujibu. Nikapata upasuaji wa mwaka mmoja, ule usio na mwendelezo, unashona watu usiku kucha halafu Juni unaaga. Mwaka uliofuata nikaingia magonjwa ya ndani, na ndo niko huku mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hilo la juu. Kama unapenda Marekani, omba magonjwa ya ndani kwa nguvu zote, barua za mapendekezo ziwe za fani hiyo, usitume maelezo binafsi yanayosifia nyundo na misumari kwa mtu wa kisukari. Ni miaka mitatu. Ukienda kwa viza ya J-1 (ya wanaokwenda kwa mafunzo) utahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani, anza kuifuatilia mapema unajua mwenyewe ofisi zetu, na ukimaliza unarudi miaka miwili au unaomba usamehewe kurudi kwa kukubali kufanya kazi sehemu za huko zenye uhaba wa madaktari.

Kama unapenda mifupa, MOI, taasisi yetu ya mifupa, iko palepale Muhimbili, daladala moja kutoka kwako, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapohapo, wanatoa MMed, ile digrii ya ubingwa. Kuna na COSECSA, chuo cha wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika, unafundishwa hospitalini huku unafanya kazi. Ajali za bodaboda utakazoziona kwa mwezi mmoja pale, mwenzako wa Marekani hazioni kwa mwaka. Mimi ningekuwa na umri wako na ningependa mifupa kweli, nisingepanda ndege.

Dokta, mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa udaktari hapa Columbus. Nataka apangiwe karibu. Akipangiwa California anaweza kukataa? – Mama Salma, Ohio

Hawezi mama yangu, akishapangiwa ni mkataba, kuukimbia kuna adhabu. Pa kukataa ni kwenye orodha, asiandike mahali ambapo hayuko tayari kwenda. Ila aandike yeye, usimkalie begani. Majibu ni Ijumaa ya tatu ya Machi saa sita mchana kwa saa zenu, kwa hiyo pilau lipike mapema, kijana afungue bahasha kabla hamjaenda swala.