Siku saba nyuma ya Kilwa Kisiwani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni lini ulingoja muda mrefu, na mpaka leo hujutii?" Jibu langu lina tarehe. Ni tangu Jumatano ya Mei 1 hadi Jumatano ya Mei 8, 2024, ndani ya jahazi lililotia nanga Kilwa, na mzigo wangu wa nazi na makopa ya muhogo ukiwa humo humo.

Tulitoka Mtwara kwenda Unguja, safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa tanga. Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilikuwa limeanza, na kwa anayepanda kaskazini hiyo ndiyo riziki. Kilwa tuliingia kuchukua maji ya kunywa, tulale usiku mmoja, alfajiri tuondoke. Jioni ile nahodha akafungua redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa tahadhari: kuna mgandamizo mdogo wa hewa katika Bahari ya Hindi, karibu na pwani yetu, na unaweza kugeuka kimbunga.

Nahodha wetu ni mzee aliyeanza ubaharia akiwa kijana mdogo. Anajua wapi mwamba umejificha kwa kutazama rangi ya maji. Lakini kimbunga hakuwahi kukiona, na si yeye peke yake. Pwani yetu iko jirani na ikweta, na huko ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo mpaka ukazunguka ni ndogo, ndiyo maana vimbunga vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Vyetu vinahesabika. Kipo kilicholaza mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, kipo kilichopiga Lindi mwaka 1952. Aliyekiona hicho cha Lindi akiwa na akili zake leo ni mzee sana.

Alhamisi kukapambazuka shwari. Mbingu nyeupe, maji yametulia, kaupepo ka kusi kanapuliza taratibu. Simu yangu haikukaa kimya: mnunuzi wangu wa Unguja anataka nazi zake, anauliza tumekwama wapi na hali ni nzuri namna hii. Nikamfuata nahodha tezini, nyuma ya chombo, nikamwambia kwa adabu lakini kwa kumsukuma kwamba kwa upepo ule Ijumaa jioni tungekuwa tumeshaipita Mafia.

Akanijibu, "Mjomba, mimi kimbunga sijakiona. Sasa nikikwambia nakiweza, nitakuwa nakudanganya."

Akaamuru nanga ing'olewe, lakini hatukutoka. Tuliingia ndani zaidi, nyuma ya kisiwa, kwenye mlango wa maji kati ya mikoko. Foromali, mti unaobeba tanga, ikashushwa na kufungwa, tanga likakunjwa na kuwekwa chini. Nanga mbili zikatupwa omo, mbele ya chombo, na kamba mbili nene zikapelekwa kwa mtumbwi zikafungwa kwenye mashina ya mikoko, si moja moja, bali mashina manne matano pamoja. Mimi nikaogopa tutapwelewa humo. Serehangi, mkuu wa mabaharia chini ya nahodha, akanionyesha jambo ambalo nisingeliwaza: mwezi ulikuwa mwishoni, tumo katika maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana. Anayeingia kwa maji mafu hana haja ya kuogopa, kwa sababu bamvua linakuja, na maji ya kumtoa yatakuwa makubwa kuliko yaliyomwingiza. Yaani walipokuwa wanaingia walishahesabu siku ya kutoka.

Ijumaa redio ikasema kimbunga kimeshapewa jina, Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Unguja zimesimamishwa. Mchana mvua ikaanza, na usiku upepo ukaja.

Sitaki kuueleza sana upepo wenyewe, maana waliokuwa Mafia na vijijini Kilwa waliupata vibaya kuliko sisi. Ninachotaka msomaji akione ni mkono wa nahodha. Tangu saa tatu usiku alikaa omo, gunia limemfunika kichwa, kiganja chake kimelazwa juu ya amari, kamba ya nanga. Hakuishika, aliilaza tu kama unavyompima mtoto homa. Nilipotambaa kumfikia akauchukua mkono wangu akauweka pale. Kamba ilikuwa imekaza, inavuta na kulegea, inavuta na kulegea. Akaniambia sikioni kwamba hivyo ndivyo nanga inavyovuta ikiwa imekamata. Ikianza kuburura chini, kamba hutetemeka mtetemeko mdogo mdogo wa haraka, kama kitu kinachokwaruza mawe. Mara mbili usiku ule tuliusikia mtetemeko huo, na mara mbili mabaharia waliongeza amari mpaka ukakoma. Wengine walikuwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, wanakumba maji kwa zamu. Mvua ilikuwa inajaza haraka kama wanavyokumba. Hakuna aliyelala usiku wa Ijumaa wala wa Jumamosi. Watu wakisikia "tulikaa bandarini" hudhani tulilala.

Jumamosi usiku Hidaya ikafika Mafia na kuisha nguvu.

Lakini siku ngumu kuliko zote, kwangu, ilikuwa Jumapili. Jua lilitoka. Upepo ukatua. Mwenzetu mmoja mwenye mzigo akasema basi, twendeni, na nahodha akasema bado. Yule bwana akakasirika, akashuka na begi lake, akavuka Kilwa Masoko kutafuta basi. Sisi nahodha alitupeleka ng'ambo ya kisiwa, upande unaotazama bahari kuu, akakaa chini bila kusema neno. Kule nje mwamba wote ulikuwa mweupe. Mawimbi yalikuja marefu, yamepangana, yanapasuka kwa kishindo kinachosikika mpaka kifuani, na hapa juu hata jani la mnazi halitikisiki. "Upepo umetua," akasema, "maji bado." Tukarudi.

Yule bwana alinipigia simu Jumatatu. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, malori na mabasi yamesimama pande zote mbili, na yeye yumo kwenye foleni, hana maji ya kunywa.

Zile siku mbili za mwisho nilizunguka kisiwani. Nilipita magofu ya Msikiti Mkuu, nikapita ya jumba la Husuni Kubwa, na nikawaza kuhusu wafanyabiashara wa Arabuni waliofika hapa kwa kaskazi kisha wakalazimika kungoja kusi liwarudishe kwao. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331. Watu walikula hapa, wakaoa hapa, wakajenga kwa mawe ya matumbawe. Naamini sehemu kubwa ya mji ule ilijengwa na wangojaji.

Jumatano ya Mei 8, siku ya mwezi mpya, maji yakajaa kama serehangi alivyosema, tukafungua kamba za mikoko na kutweka tanga. Unguja tulifika salama, sote, na chombo kizima. Viroba saba vya makopa vilikuwa vimeota ukungu, nikavitupa. Sijutii hata kimoja.

Ninachojutia ni kingine, na ndicho kilichonifanya niandike. Tulipofika nilimlipa nahodha nauli ile ile tuliyopatana Mtwara. Chakula cha watu wanane kwa siku saba kilitoka kwenye mafungu yao wenyewe, na kila siku waliyotukinga ilipunguza walichopeleka nyumbani. Wao ndio waliofanya kazi kubwa kuliko ya safari yenyewe, na wao ndio walioilipia. Halafu mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza aondoke! Wenye mizigo wenzangu mnaosoma hapa, nahodha anapoisikia tahadhari na kutaka kubaki, hiyo ndiyo hesabu anayopigana nayo kichwani, na simu zetu zinaiongeza uzito.

Mimi sasa na nahodha huyo tunaandikiana kabla ya mzigo kupakiwa: kila siku ya kungoja kwa tahadhari ya Mamlaka, chakula cha mabaharia ni juu yangu, na posho kidogo juu yake. Mwaka jana nililipa siku tatu, tukiwa tumetia nanga Lindi. Bahari haikuchafuka kiasi kilichotangazwa. Nililipa.