Safu ya Maswali: Kliniki Ipi Nimpeleke Mnyama Wangu?

Nimehamia eneo jipya nikiwa na mbwa na paka. Kuna kliniki tatu za wanyama zisizo mbali, na kila jirani anasifia ya kwake. Nianzie wapi?

Anza sasa, wanyama wako wakiwa wazima. Mtu anayetafuta daktari huku amembeba mnyama anayetapika hachagui. Anaingia mlango wa kwanza anaoukuta wazi. Piga simu, uombe kupita bila mnyama saa ambazo hakuna msongamano. Hakikisha kwanza kwamba jina la daktari limo katika daftari la chombo kinachosajili madaktari wa wanyama nchini mwako. Uliza pia ni nani hasa atakayeshika kisu siku ya upasuaji. Mtaalamu msaidizi mzuri huchanja na kufunga vidonda kwa ustadi mkubwa, lakini mafunzo yake si ya daktari.

Kisha omba kuona vyumba vya ndani. Viti vya kungojea na rangi ya ukuta visikushughulishe. Tafuta mzani na hadubini. Dozi hupigwa kwa kilo: paka wa kilo 3 na wa kilo 4.5 hawapewi dawa sawa, na macho ya mtu hukosea sana kwa mnyama mwenye manyoya mengi. Mzani ukiwa umefunikwa na maboksi, ujue uzito unakisiwa.

Hadubini nayo ulizia hutumika kwa nini. Chukua mfano wa sikio linalonuka. Tatizo linaweza kuwa utitiri, fangasi au bakteria, na kila kimoja kina dawa yake. Daktari huzungusha pamba ndani ya sikio, akaipaka kwenye kioo, akatia rangi na kutazama. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Kliniki inayotoa matone yaleyale kwa kila sikio itakutoza mara tatu kwa ugonjwa mmoja, na mbwa ataendelea kujikuna.

Nataka mbwa wangu jike wa mwaka mmoja afungwe kizazi. Kliniki moja imenitajia bei, nyingine ikataja karibu mara mbili yake. Kazi si ni ileile?

Jina la kazi ni moja, yaliyomo hutofautiana. Omba kila kliniki ikuandikie kilichomo ndani ya bei, halafu uziweke karatasi hizo mbili pamoja. Mara nyingi ile ya bei ndogo imetaja usingizi na upasuaji, basi. Haya ndiyo ya kuangalia, na sababu zake.

Kabla ya yote, je, wamekuuliza mbwa alipata joto lini, yaani kipindi cha kutaka dume? Akiwa kwenye joto, mishipa ya kizazi hujaa na kuvimba, na damu humwagika kwa urahisi. Kwa kawaida hungojwa miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha. Kliniki inayokupa tarehe bila kuuliza swali hilo imeanza vibaya.

Siku yenyewe daktari asikilize moyo na mapafu, na ikiwezekana damu ipimwe: wingi wake, protini, figo na ini. Halafu kanula, yaani kibomba chembamba cha kupitishia dawa na maji, iwekwe kwenye mshipa wa mguu kabla mnyama hajalazwa mezani. Shinikizo la damu likishuka ghafla, mishipa hunywea, na wakati huo kuitafuta kwa sindano ni kupoteza dakika ambazo mnyama hana. Kanula ni kitu kidogo na cha gharama ndogo, kwa hiyo kliniki isiyoiweka hatuna neno la kuitetea.

Uliza pia kama wanatumia bomba la pumzi, linaloingizwa kooni. Mnyama aliye kwenye nusu kaputi hamezi, na mate au matapishi yakipanda hushuka moja kwa moja mapafuni. Bomba lina puto dogo linaloziba njia hiyo, na ndani yake hupita oksijeni. Hata mbwa aliyefunga kula kwa muda wa saa 6 hadi 8, kama mbwa wakubwa wenye afya wanavyoelekezwa kwa kawaida, anaweza kutapika.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: nani anasimamia usingizi? Anayekata hawezi kuwa yeye. Awepo mtu wa pili anayeandika kila baada ya dakika 5 mapigo ya moyo, pumzi, joto na oksijeni, ambayo inatakiwa iwe 95 kwa mia au zaidi. Kifaa cha oksijeni hubanwa kwenye ulimi, lakini mtu mzoefu hakiachii kazi yote. Anabonyeza ufizi kwa kidole gumba, unakuwa mweupe, anaachia, na anatazama uwaridi ukirudi. Usiporudi ndani ya sekunde mbili, damu haizunguki vizuri, hata kama namba kwenye mashine bado ni nzuri.

Joto husahaulika. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi. Mezani tumbo lake limenyolewa, limepakwa spiriti, chini yake kuna chuma, na dawa ya usingizi imemzuia kutetemeka. Akipoa sana huchelewa kuamka, na damu huganda polepole zaidi. Kwa hiyo waulize wanampashaje joto, na nani anakaa naye akiamka. Saa tatu za kwanza baada ya upasuaji ni za hatari kubwa, na ndizo saa ambazo kliniki yenye haraka humwacha peke yake kwenye kizimba.

Dawa ya maumivu itolewe kabla ya kukata, na nyingine ya kumeza uende nayo nyumbani kwa siku chache. Mbwa asiyelia si kwamba haumwi. Wengi hujikunja pembeni na kukaa kimya. Vifaa viwe pakiti moja kwa mnyama mmoja, iliyopikwa kwa mvuke wa shinikizo. Utepe wa nje ya pakiti huonyesha tu kwamba iliingia kwenye mashine. Karatasi ya kipimo iliyo ndani ndiyo huonyesha mvuke ulifika kwenye vyuma. Mwisho, uliza kama kola ya shingoni ya kumzuia asilambe kidonda, ukaguzi wa kidonda na kutoa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14 vimo kwenye bei.

Bei ndogo si lazima iwe na ubaya, kwani kliniki nyingine hufanya upasuaji huu kila siku, na mkono umekuwa mwepesi. Kati ya kliniki ndogo yenye kanula, bomba, oksijeni na mtu wa pili, na kubwa isiyo na mtu wa pili, mpeleke kwenye ile ndogo.

Mtoto wa mbwa wangu alichanjwa mara mbili, akiwa na wiki 6 na wiki 9. Akiwa na wiki 14 akaugua parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara. Je, nilipewa chanjo feki?

Pole sana. Inawezekana chanjo ilikuwa nzuri, ila ratiba ilikatizwa mapema. Mtoto hupata kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama, na kinga hiyo, ikiwa bado ina nguvu, huiua chanjo kabla mwili haujajifunza. Hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho hutolewa akiwa na wiki 16 au zaidi. Wako aliachiwa njiani. Kliniki inayosema “sindano mbili zinatosha” bila kuuliza umri usiitegemee kwa chanjo.

Sababu ya pili ni baridi. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8. Zikipata joto, virusi hai vilivyodhoofishwa hufa. Zikiganda, chanjo kama ya kichaa cha mbwa huharibika. Omba kuona friji: iwe na kipimajoto ndani, chanjo zisipangwe mlangoni, na pasiwe na chakula cha wafanyakazi. Tazama pia mkono wa daktari. Kichupa cha unga na cha maji vinapaswa kuchanganywa mbele yako na kudungwa papo hapo, kisha karatasi yenye namba ya toleo ibanduliwe kichupani na kubandikwa kwenye kadi. Kadi yenye tarehe na sahihi tu haithibitishi kilichoingia mwilini.

Kwa kuwa parvo imeingia kwako, ujue sabuni ya kawaida haiiui. Osha uchafu wote kwanza, kisha tumia dawa ya klorini ya kufanyia weupe, sehemu 1 kwa 30 za maji, iache dakika 10. Na kliniki uichunguze vivyo hivyo: mgonjwa wa parvo alazwe chumba cha peke yake, kisichopitiwa na watoto wanaosubiri chanjo.

Paka wangu akifika kwa daktari anageuka chui. Nitajuaje kliniki inayowafaa paka?

Angalia kama paka wana pa kungojea mbali na mbwa, au angalau rafu ya kuweka kikapu juu, maana kikapu kilicho sakafuni mbele ya pua ya mbwa kimeshaharibu kila kitu. Daktari mzuri hafungui mlango na kumvuta. Huondoa kifuniko cha juu na kumpima akiwa amekaa humohumo, taulo likiwa karibu. Kumning'iniza kwa ngozi ya shingo ni dalili mbaya.

Jaribu na swali moja: paka apewe nini kwa viroboto na kwa maumivu? Ukitajiwa dawa ya mbwa yenye pamethrini, au parasetamoli, ondoka. Zote mbili huua paka.

Na sungura?

Uliza kama unatakiwa kumnyima chakula usiku wa kuamkia upasuaji. Jibu sahihi ni hapana. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa bila kazi husimama. Anayemwandikia amoksilini ya kumeza pia hamjui sungura, kwa sababu huua bakteria wazuri wa tumboni na kuleta kuhara kunakoua.

Kliniki ninayoipenda hufungwa jioni. Nifanyeje usiku?

Uwe na mbili. Uliza ya mchana inawapeleka wapi wagonjwa wa usiku, kisha piga simu huko usiku mmoja uone kama inapokewa. Uliza pia nani hulala na wanyama waliolazwa. Jibu “mlinzi” lina maana kwamba dripu haina wa kuiangalia.

Yasiyongoja asubuhi ni haya: paka dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka, kwani potasiamu hupanda kwenye damu na kusimamisha moyo, mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limevimba naye anajaribu kutapika bila kitu kutoka, ufizi mweupe, na mbwa anayezaa aliyesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutokea.

Daktari wetu hudunga sindano mbili tatu bila kusema ni za nini. Nikiomba maandishi ili niende kwingine, si nitamvunjia heshima?

Humvunjii. Mwambie, “Daktari, naomba niandikie dawa ulizompa leo, nitunze kwenye faili lake.” Aliyezoea kazi yake ataandika hapohapo: uzito, joto, alichokiona, jina la kila dawa, miligramu, njia na saa. Tunalisisitiza hili kwa sababu mojawapo ya sindano hizo mara nyingi ni stiroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Humfanya mnyama achangamke siku mbili, ugonjwa ukiwa palepale. Ukienda kliniki nyingine, nao wasijue, wakampa meloksikamu kwa maumivu, dawa hizo mbili kwa pamoja huweza kutoboa tumbo. Akikataa kuandika, piga picha vichupa vyenyewe kabla havijatupwa, na uandike saa aliyodungwa.